Michezo ya video ya zamani yarudi na sura mpya: Bukavu inapata nini?

Katika chumba kimoja cha michezo huko Kadutu kuna televisheni nne na benchi moja ndefu. Tatu zinaonyesha mpira wa miguu. Ya nne, iliyowekwa pembeni karibu na mlango, ndiyo iliyonisimamisha: mvulana wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa anamrusha Crash Bandicoot, yule mnyama wa rangi ya machungwa, juu ya mashimo na masanduku. Mchezo huo ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati mvulana huyo hajafikiriwa kuzaliwa. Alichokuwa nacho mkononi ni toleo la 2017, lililotengenezwa upya kuanzia picha hadi sauti.

Mara umeme ukakatika. Wa mpira wakaanza kubishana kuhusu pesa zao. Yeye aliweka maneti juu ya benchi, akangoja jenereta iwashwe. Alipoteza hatua moja tu. Zile alizokwisha kuzivuka zilikuwa zimehifadhiwa.

Sisi wa rika langu hatukuwa na bahati hiyo. Tulichezea mashine za Kichina zilizoiga Nintendo, na kaseti ambazo ilibidi uzipulize kwanza ndipo zikubali. Super Mario Bros. ya 1985 haikuhifadhi chochote. SNEL wakikata moto ukiwa dunia ya saba, unarudi dunia ya kwanza, na zamu yako imekwisha. Hayo yalitokea katika mji ulio ukingoni mwa mto Ruzizi, wenye mitambo miwili ya umeme, wa kwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili tangu 1989. Msomaji wa Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kila mwaka sasa makampuni ya Japani na Marekani yanatoa upya michezo ya kuruka na kupanda ya miaka ya themanini na tisini. Wakosoaji wa huko wanauliza kama ladha bado ipo au wanauziwa kumbukumbu tu. Swali hilo linafaa kuulizwa hapa pia, kwa sababu jibu la hapa si lile la Tokyo.

Tuanze na chanzo. Donkey Kong ya Nintendo, iliyotoka 1981 chini ya Shigeru Miyamoto, haikutengenezwa kwa ajili ya sebule. Ilikuwa mashine kubwa ya kusimama, inayomeza sarafu. Ina hatua nne tu: fundi seremala anapanda ngazi, anaruka mapipa, anamfuata sokwe juu ya jengo. Ukifika mwisho zinajirudia, kwa ugumu zaidi. Ugumu huo ulikuwa biashara. Mchezaji aliyekufa haraka alitoa sarafu nyingine, na mchezaji hodari alikuwa hasara kwa mwenye mashine. Michezo mingi ya kuruka iliyokuja baadaye, hata ile ya nyumbani isiyodai sarafu, ilirithi tabia hiyo ya kuua mara kwa mara na kukurudisha nyuma.

Kwa hiyo anayetengeneza upya mchezo wa aina hii ana kazi mbili zinazovutana. Inabidi aondoe adhabu ambayo sababu yake ilikuwa sarafu, bila kugusa mruko wenyewe, maana mruko ndio mchezo. Kwa maoni yangu, toleo lolote linasimama au kuanguka hapo, na picha nzuri hazisaidii kitu.

Aliyefaulu mapema ni Nintendo yenyewe. Mwaka 1994 Donkey Kong ilitolewa kwa Game Boy. Inaanza na hatua zilezile nne za 1981, na mchezaji anadhani amemaliza. Kumbe kuna nyingine 97 mbele, zenye funguo, milango na mafumbo, na mchezo unahifadhi ulipofika. Miaka zaidi ya thelathini imepita na sijaona mfano bora kuliko huo wa kuheshimu kitu cha zamani huku ukikiongezea uhai.

Capcom walichukua njia nyingine mwaka 2021 walipoirudisha Ghosts 'n Goblins, mchezo wa 1985 unaojulikana kwa ukatili wake. Waliacha ugumu wa asili kwa anayeutaka, kisha wakaweka viwango vingine vya chini, na katika kile chepesi kabisa ukifa unaendelea palepale ulipoangukia. Wapo waliosema huko ni kudekeza. Mimi sioni hivyo. Mtoto anayelipia dakika kumi na tano hana sababu ya kuzitumia zote katika makaburi ya hatua ya kwanza.

Na Crash wa Kadutu? Hapo kuna kasoro, na wachezaji wa zamani waliigundua siku za mwanzo kabisa. Katika toleo la 2017 Crash anaruka tofauti kidogo, na akitua ukingoni mwa jukwaa miguu yake huteleza ambapo zamani angesimama. Studio iliyolitengeneza, Vicarious Visions, ilikiri tofauti hiyo hadharani. Nilimwona mvulana yule akiteleza mara tatu mfululizo kwenye daraja moja. Hakulalamika, kwa kuwa hajui kwamba zamani pangekuwa na nafasi ya kusimama.

Kwa hiyo ndiyo, michezo hii bado inachezeka, na kwa mji wenye umeme wa kubahatisha toleo jipya linalohifadhi lina faida kuliko la zamani. Lakini kwa nini lilikuwa kwenye televisheni moja kati ya nne?

Sababu ya kwanza ni hesabu ya mwenye chumba. Mechi ya mpira inaketisha wateja wawili, wote wanalipa, na inaisha kwa dakika zinazojulikana. Mchezo wa kuruka unaketisha mmoja, na akiwa hodari hatoki. Ni hesabu ileile ya mwenye mashine za sarafu wa 1981.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Matoleo haya mengi siku hizi yanauzwa kwa kupakuliwa kutoka mtandaoni. Donkey Kong ya asili, ileile ya mashine, inauzwa kwa Switch tangu 2018 kwa dola 7.99. Bei si mbaya ukilinganisha na diski mpya, ila haipokei franka mkononi. Inataka akaunti, kadi ya benki na intaneti isiyokatika. Tangu M23 waingie Bukavu Februari 2025 na benki kufunga milango, ni nani hapa wa kutoa kadi? Hata kabla ya vita hivi Kongo haikuwemo: hadi 2024, katika bara zima la Afrika, nchi iliyokuwa kwenye orodha rasmi ya mtandao wa PlayStation ilikuwa Afrika Kusini peke yake. Anayefungua akaunti hapa analazimika kujiandika kama mkazi wa nchi nyingine.

Diski na kaseti ndizo zilizotuokoa. Ziliingia kwenye mabegi kutoka Kigali, Kampala au Dubai, zikapita mkono kwa mkono, hazikuuliza unaishi wapi. Mlango huo nao unafungwa. Nintendo ilipotoa Switch 2 Juni 2025, baadhi ya michezo iliuzwa katika kadi ambayo ndani yake hamna mchezo. Kadi ni ufunguo tu, na mchezo wenyewe unapakuliwa.

Wakati huohuo kilichomo ndani ya mashine hizo hakikuhitaji akaunti kutoka hapa. Mwaka 2000, mwaka ilipotoka PlayStation 2, bei ya madini ya tantali yanayotokana na koltani ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi michache, kwa sababu viwanda vya simu, kompyuta na mashine za michezo vyote viliyataka kwa pamoja. Maduka ya kununulia koltani yalijaa Bukavu, eneo likiwa mikononi mwa waasi wa RCD, na mwaka 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi biashara hiyo ilivyolisha vita.

Huko Kadutu jenereta ilichukua muda kuwaka. Mvulana wa Crash alitoa simu ya kaka yake, yenye kioo kilichopasuka, akafungua programu inayoiga mashine za zamani. Ndani yake mlikuwa na Super Mario Bros. ya 1985, toleo lilelile lisilohifadhi. Lakini programu hiyo inaruhusu kusimamisha na kuhifadhi popote utakapo, hata katikati ya mruko. Mtu fulani mtaani aliwapa kwa kadi ndogo ya kumbukumbu, bila jina wala benki. Alikuwa dunia ya sita.