Usingizi Haumpunguzii Mtu Uanaume

Fahari hii ya wanaume ya kujisifu kwamba hawalali yafaa itazamwe hapa kwetu Mwanza, ambako wavuvi wa dagaa, kwa kuwa samaki huyo huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazomvuta juu ya maji, hutoka Igombe na visiwa vya Ukerewe jua likichwa na kurejea alfajiri, wakiwa wamekesha si kwa ghururi bali kwa riziki ya aila zao. Mwezi unapopevuka na nuru yake kuzishinda taa, aghalabu hupumzika siku kadhaa, wala hapana awaitaye wavivu. Lakini mvuvi huyohuyo, akiisha kushusha mzigo na kujinyoosha kivulini saa 4 asubuhi, husikia akichekwa kwamba mwanamume halali mchana. Naye, kwa kuogopa lawama, huenda kushona nyavu au kukaa kijiweni, na magharibi hurudi mtumbwini macho mekundu, ilhali ziwa halimsamehe mtu asinziaye kando ya injini. Waganga husema mtu mzima ahitaji saa 7 za usingizi au zaidi, na sioni hoja yoyote ya kumtoa mwanamume katika hukumu hiyo, sembuse aliyekesha majini.

Basi nawasihi wenye mitumbwi wasiwatume mabaharia wao kazi ya pili mchana, na wazee wetu, ambao kauli yao yasikika bado, wakemee dhihaka hiyo hadharani.