Mpokonye penseli, mpe unga

Mtoto wa miaka mitatu anarudi kutoka chekechea na daftari, ameagizwa kujaza ukurasa mzima wa herufi "a". Mama anamshika mkono amsaidie kuandika, baba anapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia, na shule inasifiwa kwamba inafundisha kweli. Shule ya jirani, ambako watoto wa umri huohuo wanafinyanga udongo, inaambiwa inakula ada za watu bure.

Ati anayewahi kushika penseli ndiye atakayewahi kujua kuandika. Si kweli.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo bado ni gegedu, na mifupa hiyo hujitokeza mmoja mmoja kwa miaka mingi. Misuli ya vidole nayo haina haraka: watoto wengi huimudu penseli kwa vidole vitatu kati ya miaka minne na sita. Ukimlazimisha kabla ya hapo ataishika kwa ngumi, atachoka, atalia, na atalichukia daftari kabla hajajua kazi yake.

Mkono unaandaliwa jikoni na uani. Mpe donge la unga wa chapati alikande, alifinye, alikate vipande. Mwache amenye njegere, apukuchue mahindi, akamue ndimu, abane soksi zake kwenye kamba kwa vibanio. Ajifunge mwenyewe vifungo vya shati. Hapo ndipo sisi wakubwa tunapoharibu, maana tuna haraka ya kuwahi gari, tunamfungia. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwatengenezea watoto fremu za mbao zenye vitambaa vya kufunga vifungo na kamba. Leo fremu hizo zinauzwa ghali, ilhali shati la mtoto liko kabatini, na mchezo wa mdako, nao wa vidole, unachezwa kwa vijiwe vya kuokota. Tahadhari ni moja tu: maharage, shanga na kete za bao zinataka mtu mzima awepo, kwani watoto wadogo huzitia mdomoni na puani.

Na wavulana je? Hao tunawafukuza jikoni tukisema ni mahali pa wanawake, halafu tunashangaa mwandiko wao mbaya.

Watetezi wa daftari watanijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini anayekanda unga naye anakunjwa, tena bila machozi. Ufini huwaanzisha watoto darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7, na hatujasikia kwamba Wafini hawajui kuandika.

Mzazi, kikao kijacho cha shule usiulize mwanao amejaza kurasa ngapi. Uliza wiki hii wamefinyanga nini, na kama jibu ni hakuna, dai ada yako.