Padri wa Hospitali si Mjumbe wa Kifo

Liko neno baya linalotembea vijijini mwetu. Mgonjwa amelala hospitalini, jamaa mmoja asema, "Tumwite Padri." Mara wengine wamziba kinywa: "Usimwite! Mgonjwa akimwona atajua kwamba anakufa." Basi wanangoja. Wanangoja mpaka mgonjwa hasemi tena wala hasikii. Ndipo wanamtuma mtoto akimbie misioni. Je, huo ndio upendo? Mimi nasema huo ni ukatili uliovaa nguo ya huruma.

Zamani Wakristu waliita sakramenti hii Mpako wa Mwisho, na jina lile liliwatia watu hofu. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wake umekwisha kufika mara mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Mgonjwa aweza kuupokea akapona; akiugua tena vibaya, aweza kuupokea tena. Mtume Yakobo naye aliagiza wazee wa Kanisa waitwe kwa mgonjwa. Hakuagiza waitwe kwa maiti.

Wako wasemao, "Katekista yupo, yatosha." Ndugu zangu, mimi ni katekista. Naweza kusali kando ya kitanda na kusikiliza. Asiyebatizwa akiwa karibu kufa, naye akitaka ubatizo, naweza kumbatiza. Lakini siwezi kumwondolea mtu dhambi wala kumpaka mafuta matakatifu. Hiyo ni kazi ya Padri. Anayemchelewesha Padri anamnyima mgonjwa kitu ambacho sisi wengine wote hatuwezi kumpa.

Wengine hunena, "Mgonjwa ataka dawa, si sala." Nani aliwaambia kwamba dawa na sala zinapigana? Mtakatifu Camillus de Lellis, aliyekufa Roma mwaka 1614, alikuwa padri, na kwa mikono yake aliwaosha wagonjwa na kuwalisha. Sindano yatuliza maumivu ya mwili. Lakini mama aliyekimbia vita na kuwazika watoto wake njiani, mtamchoma sindano gani? Huyo anahitaji mtu wa kuketi naye, amsikilize bila haraka. Na Padri amwambiaye mgonjwa aache dawa, huyo hajui kazi yake.

Lakini liko neno baya kuliko hayo yote: "Padri huyu ni wa kabila gani?" Sisi wa pande za Ntoto twajua swali hilo linaishia wapi. Tarehe 11 Februari 1993 Kanisa liliadhimisha mara ya kwanza Siku ya Wagonjwa Duniani. Mwezi uliofuata, Machi 1993, watu walishambuliwa sokoni Ntoto, Wanyarwanda wengi wakauawa. Moto ule ukaenea Walikale na Masisi. Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, kila upande ulizika watu wake, na waliokufa walikuwa maelfu. Mwaka 2025 vita vikafika tena Masisi na Walikale.

Vita vikipita, majeruhi hulazwa chumba kimoja. Aliyechoma nyumba aweza kulala kando ya aliyechomewa. Padri akiruka kitanda kimoja kwa sababu ya kabila, amehubiri chuki bila kufungua kinywa. Akiketi penye vitanda vyote, hata cha Mprotestanti na cha Mwislamu, bila kumlazimisha mtu sala asiyoitaka, wagonjwa wote wanaona kwa macho kwamba jirani yao naye ni mtoto wa Mungu. Hotuba ngapi za amani zimewahi kuwaonyesha hivyo?

Basi, tufanye nini? Mgonjwa akibebwa kwa machela toka Ntoto kwenda hospitali ya Masisi au ya Walikale, habari yake ipelekwe kwa Padri siku ile ile, wakati bado aweza kuungama kwa kinywa chake. Na mkifika mkamkuta Padri ameketi kwa mgonjwa wa kabila jingine, msinung'unike. Ngojeni zamu yenu. Na mnapongoja, mwombeeni mgonjwa yule.