Mikono Iliyotetemeka Nyuma ya Kofia



Kila Jumapili wazee wetu huvua kofia mlangoni mwa kanisa. Nyingine zimeshonwa, nyingine zimesukwa kwa ukindu, na nyingine ni zile pama nzito zisizo na mshono wala uzi unaoonekana. Ukiichunguza pama ya namna hiyo kwa karibu, hutaona uzi uliopita juu ya mwingine kama katika kanga au shuka. Utaona manyoya yaliyoshikamana hata yakawa kitu kimoja. Kitambaa hicho huitwa felti. Ndicho kinachofunika nyundo ndogo zilizo ndani ya piano ili sauti itoke laini, na mara nyingi ndicho kilichobandikwa chini ya kinara ili kisikwaruze meza.

Huenda mtu akauliza: felti inahusiana nini na haki na amani? Tunajibu kwamba historia ya mashine zinazoitengeneza ina somo zito, na somo hilo latugusa sisi tunaoishi karibu na machimbo ya dhahabu kuliko wengi wanavyodhani.

Sufu hujishika yenyewe

Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana, mfano wa magamba ya samaki. Sufu ikiloweshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, magamba hayo hunasana na nyuzi haziachani tena. Mama yeyote aliyewahi kufua sweta la sufu kwa maji ya moto analijua jambo hili: sweta husinyaa na kuwa gumu. Bila kukusudia, ametengeneza felti. Mapokeo husimulia kwamba Mtakatifu Klementi, Papa wa karne ya kwanza, alipokuwa safarini alitia sufu katika viatu vyake ili miguu isichubuke, na jasho pamoja na uzito wa mwili vikaigeuza sufu hiyo kuwa kitambaa. Iwe ni historia au ni hadithi tu, watengeneza kofia wa Ulaya walimfanya msimamizi wao, na sikukuu yake ni tarehe 23 Novemba.

Kazi ile ya mguu na jasho ndiyo iliyokabidhiwa mashine. Kwanza sufu hupita katika mapipa makubwa yanayozunguka, yenye meno ya waya yanayoichana hadi ikawa utando mwembamba kama ukungu. Tando hizo hupangwa moja juu ya nyingine, zikielekezwa huku na huku. Kisha hupigwa mvuke na kuwekwa chini ya bamba zito linalotikisika, na mwishoni hupondwa kwa nyundo katika maji ya sabuni au ya asidi hafifu mpaka zishikane barabara. Siku hizi iko pia mashine ya sindano: ubao wenye maelfu ya sindano zenye makato pembeni, unaopanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika, ukizichomeka nyuzi ndani ya nyuzi wenzake bila maji wala moto.

Katika hayo yote hakuna dhambi. Mashine iliyotengenezwa vizuri humpunguzia binadamu mzigo, nasi hatuna budi kuishukuru akili iliyoibuni. Taabu ilianza pale watu walipotaka kofia laini kuliko zile za sufu.

Zebaki yaingia kiwandani

Kofia za bei kubwa hazikutengenezwa kwa sufu ya kondoo, bali kwa manyoya ya sungura na ya mnyama wa mtoni aitwaye biva. Manyoya hayo ni laini, lakini hayanasani kwa urahisi. Basi mafundi wa Ulaya, na baadaye wa Marekani, walizoea kuzipaka ngozi dawa iliyotengenezwa kwa kuyeyusha zebaki katika asidi ya nitriki. Dawa hiyo iliyakwaruza manyoya yakaweza kushikana, na ncha zake zikageuka rangi ya karoti. Baada ya hapo yalikatwa, yakapeperushwa, yakaloweshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kwa joto. Katika kila hatua hizo mvuke wa zebaki na vumbi lake viliingia katika mapafu ya wafanyakazi.

Mji wa Danbury, katika jimbo la Connecticut huko Marekani, ulijulikana kwa kazi hiyo hata ukaitwa mji wa kofia. Mwaka 1846 Henry A. Wells alipata hataza ya mashine ya ajabu: koni ya shaba yenye matundu madogo, na chini yake feni inayovuta hewa. Manyoya yalipulizwa juu ya koni, yakanata pande zote, yakamwagiwa maji ya moto, na umbo la kofia likawa tayari kwa muda mfupi. Kazi iliyomchosha fundi sasa ilifanywa haraka na kwa wingi. Lakini feni ile iliwekwa ili iyavute manyoya kwenye koni. Kumwondolea mfanyakazi sumu haikuwa kazi yake.

Na sumu ilionekana. Mikono ya watengeneza kofia ilianza kutetemeka hata wakashindwa kushika kikombe. Fizi zilivimba na meno yakalegea. Tabia pia zilibadilika: mtu mpole alikuwa na hasira, na mtu mchangamfu aliwaonea watu haya na kujificha. Huko Danbury walipata hata jina la mtetemeko huo. Wengine waliwacheka wakidhani ni walevi.

Je, ni kweli kwamba hakuna aliyejua? La hasha. Mwaka 1860 daktari mmoja wa New Jersey, J. Addison Freeman, aliueleza waziwazi ugonjwa huo mbele ya chama cha waganga wa jimbo lake, akautaja kuwa ni ugonjwa wa zebaki. Hata hivyo zebaki iliendelea kutumika. Uchunguzi wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani katika viwanda vya Connecticut, uliochapishwa mwaka 1941, ulikuta mfanyakazi mmoja hivi katika kila kumi ana dalili za sumu hiyo. Mwezi Desemba mwaka huo huo ndipo zebaki ilipokomeshwa katika kutengeneza kofia.

Ndugu zetu, hesabuni wenyewe. Kutoka 1860 hadi 1941 ni miaka 81. Kijana aliyeanza kazi daktari alipotoa taarifa yake aliweza kuzeeka, kufa na kuacha wajukuu katika karakana ile ile. Tena dawa nyingine isiyo na zebaki iliweza kupatikana. Inatuumiza zaidi kukumbuka kwamba mwaka ule ulikuwa mwaka wa vita, na zebaki ilitakiwa kwa ajili ya viwashio vya risasi na mabomu. Hatusemi kwamba hakuna aliyewahurumia wafanyakazi. Twasema kwamba vita vilisikilizwa upesi kuliko mikono iliyotetemeka.

Walionyimwa sauti

Kwa nini wafanyakazi hawakukataa? Yafaa tujue kisa kingine cha mji huo huo. Mwaka 1902 mwenye kiwanda kimoja cha kofia, Dietrich Loewe, alikataa kukitambua chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi waligoma, na chama kikawaomba watu wasinunue kofia zake. Loewe alishtaki. Mwaka 1908 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba kususia huko kulivunja sheria ya mwaka 1890, iliyotungwa ili kuzuia matajiri wasihodhi biashara. Mwaka 1915 mahakama hiyo ikathibitisha kwamba wanachama wa kawaida wangelipa fidia kutoka mifukoni mwao. Akiba zao za benki na nyumba zao ziliwekewa kizuizi, na deni lilipita dola 200,000. Wafanyakazi wa viwanda vingine nchini walilazimika kuchangishana ili kuwanusuru.

Mgomo ule haukuhusu zebaki, nasi hatutaki kuchanganya mambo. Lakini mtu aliyeona jirani yake akikaribia kupoteza nyumba kwa sababu ya kuwa mwanachama angekuwa na ujasiri gani wa kusimama na kusema kwamba hewa ya karakana inaua? Mnyonge akikosa pa kusemea, hata ugonjwa wake huwa siri.

Zebaki ile ile, mikono mingine

Sasa turudi nyumbani. Zebaki iliyoondoka katika viwanda vya kofia haikuondoka duniani. Iko Geita na Chunya, iko Migori ng'ambo ya mpaka. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili ishike chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo, zebaki ikapaa hewani na dhahabu ikabaki. Mara nyingi huchomwa juu ya jiko la nyumbani, ndani ya chumba kimoja na watoto. Mvuke hauonekani. Unaingia mapafuni, na katika mama mjamzito hufika hadi kwa mtoto aliye tumboni. Zebaki inayomwagika mtoni hugeuka sumu nyingine, ikajikusanya katika samaki tunaowala. Dalili za mchimbaji ni zile zile za Danbury: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, hasira huja bila sababu. Na baadhi yetu tunasema, kama walivyosema wale wa kale, kwamba ni pombe au ni kurogwa.

Upo Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mkataba huo unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi zichukue hatua za kukomesha kuchoma mchanganyiko wa zebaki hewani na katika makazi ya watu. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui. Daktari wetu wa mwaka 1860 ameshasema. Swali ni iwapo nasi tutangoja miaka 81.

Tunaisikia hoja ya mchimbaji: "Padre, bila zebaki watoto wangu watakula nini?" Hoja hiyo ni ya haki, na anayemjibu kwa kumkaripia hajamjibu. Ukimnyang'anya zebaki pasipo kumpa njia nyingine, umemwadhibu maskini mara mbili. Lakini njia nyingine zipo. Kuna mtungi wa chuma wenye kifuniko na bomba, ambao huurudisha mvuke kuwa zebaki badala ya kuuachia hewani. Kuna meza za kutikisa zinazotenga dhahabu kwa uzito wake. Mtu mmoja hawezi kuzinunua meza hizo, kikundi kinaweza. Mafunzo yake hayamfikii aliye peke yake. Yanakifikia kikundi kilichoandikishwa na kinachosikilizwa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1981, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi. Kipimo hicho ndicho cha kupimia feni ya Danbury na jiko la Geita.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Jumuiya ndogondogo zenye wachimbaji ziwasaidie kuunda vikundi na kufika katika ofisi ya madini kudai mafunzo na vifaa. Akina mama wa jumuiya wakubaliane kwamba zebaki haichomwi tena ndani ya nyumba yoyote, wala mjamzito na mtoto hawaigusi. Na kamati za haki na amani za parokia ziwapeleke zahanati wale ambao mikono yao imeanza kutetemeka, ziandike idadi yao na kuifikisha kwa wahusika, ili asiwepo atakayesema baadaye kwamba hakuambiwa.

Sisi tusiochimba nasi tumo. Pete za ndoa tunazozibariki altareni zilitoka mahali fulani, katika mikono ya mtu fulani. Wanunuzi wa kofia wa zamani hawakuuliza kofia ilitoka wapi, ilimradi ilikuwa laini. Mwaka huu, sikukuu ya Mtakatifu Klementi itakapofika, tuulize.