MAONI YETU: CHAJI HUOKOLEWA MKONONI, SIYO KIBANDANI

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Jambo lenyewe ni betri ya simu. Wapo watakaouliza: "Simu ni ya mtu, chaji kalipa mwenyewe, chama kinaingiliaje?"

Tunajibu hivi. Siku hizi bei ya mnada wa korosho tunapeana kwa simu. Siku ya kugawa salfa tunaitana kwa simu. Malipo yakiingia benki, ujumbe unakuja kwenye simu. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, mwenye pikipiki anaitwa kwa simu. Kwa hiyo simu iliyozima si hasara ya mwenyewe peke yake. Ni hasara ya nyumba, na mara nyingine ni hasara ya kitongoji kizima.

Nasi tunajua hali yetu. Vitongoji vyetu vingi bado havijafikiwa na nguzo za umeme. Tunategemea sola ndogo za nyumbani na kibanda cha chaji. Hebu basi tupige hesabu. Tuseme chaji moja ni shilingi 300. Anayechaji kila siku analipa shilingi 9,000 kwa mwezi. Anayeweza kukaa siku mbili kwa chaji moja analipa 4,500. Kwa mwaka mzima tofauti yao ni shilingi 54,000. Hizo si fedha za kuchezea, ni madaftari na sare ya mtoto wa shule.

Tena hasara haiishii hapo. Betri za simu hizi ni za lithiamu, na umri wake huhesabiwa kwa chaji kamili ilizotumia. Nyingi zimekadiriwa kuvumilia chaji kamili kati ya 500 na 1,000 kabla nguvu yake haijashuka kufikia asilimia 80 ya ile ya upya. Chukua betri ya chaji 500. Anayeimaliza kila siku, ndani ya mwaka mmoja na miezi minne au mitano imeshachoka. Anayetumia nusu tu kwa siku, betri hiyo hiyo itamfikisha karibu miaka mitatu. Simu ni moja, duka ni moja, tofauti ni matumizi.

Sasa, mlaji mkubwa wa chaji ni nani? Wa kwanza ni kioo. Mtu anaweka mwanga mpaka mwisho kama karabai, na yuko kivulini chini ya mkorosho. Punguza mwanga. Halafu weka kioo kizime chenyewe baada ya sekunde 30, siyo dakika 10. Kwa jambo hili peke yake utaona mabadiliko siku hiyo hiyo.

Wa pili ni mtandao. Huku kwetu bondeni mnara unashika kwa shida. Simu ikikosa mnara haikai kimya, inautafuta kwa nguvu zaidi, na kila ikitafuta inakula chaji. Ndiyo maana unakwenda shamba na chaji nusu, unarudi jioni simu imekufa, na hukupiga hata mara moja. Basi ukiwa shamba, kama huna unachongoja, weka alama ya ndege. Ila kumbuka kwamba hapo hutapatikana, kwa hiyo waambie wa nyumbani. Na data ifunguliwe pale unapoitumia, ukimaliza ifunge. Bando linapona na chaji inapona.

Wa tatu ni kazi za chinichini: Bluetooth, ile sehemu ya kuonyesha mahali ulipo, picha na video za makundi ya WhatsApp zinazojipakua zenyewe. Zima usizozihitaji. Chaji ikipungua, washa kiokoa betri, kimo ndani ya simu nyingi na hakilipiwi.

Hapo ni juu ya chaji ya siku. Juu ya umri wa betri, adui yake mkubwa ni joto. Kuna simu ambazo watengenezaji wake wanasema zisitumike penye joto la kupita nyuzi 35. Wengine huziweka juani, juu ya tangi la pikipiki, au kando ya jiko mama anapopika. Huko ni kuikaanga betri. Ichajie kivulini, na kama ina mfuko mzito uvue wakati wa kuchaji. Ukiona inachemka, acha kuchezea video huku inachajiwa.

Na hapa tunataka kusema waziwazi. Ushauri unaotoka mjini unasema betri iwe kati ya asilimia 20 na 80, usiijaze wala usiimalize. Kitaalamu ushauri huo ni wa kweli. Betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa pomoni kwa muda mrefu, wala haipendi kukaa sifuri. Lakini ushauri huo ni rahisi kwa mwenye soketi ukutani. Sisi tunaolipa kila tunapochaji, kuichomoa simu kwenye 80 ni kuacha fedha kibandani. Maoni yetu ni haya: mwenye sola nyumbani aufuate. Anayelipia kibandani aijaze, lakini aifuate mara inapojaa, wala asiiache ilale huko na joto lake. Na sote tusingoje mpaka ifike sifuri. Kwetu sisi kuokoa kwenyewe kuko kwenye matumizi. Chaji ambayo hukuitumia hulipi kuirudisha.

Pia tuachane na maneno ya vijiweni. Ati simu mpya lazima ichajiwe saa nane kabla ya kuwashwa. Ati betri imalizwe kabisa kwanza ndipo ichajiwe. Hayo yalikuwa ya betri za nikeli za zamani, za lithiamu hazihitaji. Ati kufunga programu kila dakika kunaokoa chaji. Simu hujipanga yenyewe, na programu ikifungwa na kufunguliwa tena na tena, kuanza upya nako kunakula chaji.

Jambo moja si la mzaha. Betri ikivimba mpaka kifuniko kinanyanyuka, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiikandamize, usiitupe motoni wala usimpe mtoto aichezee. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Ipeleke kwa fundi, na betri utakayonunua iwe ya aina ya simu yako. Ya bei ya kutupa mara nyingi huishia kutupwa.

Tukumbuke pia betri hizi zinatoka wapi. Betri nyingi za simu zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Wapo wanaoichimba kwa sururu, kwa jasho kama letu la shamba. Kuiua betri kwa uzembe ni kudharau jasho la mwenzetu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano wa wanachama:

1. Wenye vibanda vya chaji wasirundike simu chini ya bati la moto. Waweke ubao kivulini, simu zipangwe mojamoja, hewa ipite.

2. Vijana wanaojua simu wawasaidie wazee kupunguza mwanga wa kioo na kuwasha kiokoa betri. Kazi yenyewe ni ya dakika tano, asiombe mtu soda.

3. Msimu wa mnada, kila nyumba iache simu moja yenye chaji kwa ajili ya taarifa. Hata ya kitochi yafaa, tena hiyo hukaa na chaji siku nyingi.

4. Taarifa za chama ziendelee kubandikwa hapa ukutani. Ukuta hauishiwi chaji.

Ndugu, umeme wa nguzo tunaungoja na tutaendelea kuudai. Lakini mwanga wa kioo hatuhitaji kumngojea mtu aupunguze. Anza leo, kesho kutwa utuambie simu yako imelala na asilimia ngapi.

Aliyesoma amsomee asiyesoma.