Ubongo Nao Una Maksi

Wiki hii sina stori za disko. Nina stori ya mjomba.

Aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia umekufa ganzi. Nyumbani tukasema upepo mbaya. Tukamchua mafuta mpaka jua likazama. Kumbe kiharusi!

Sasa sikia. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, kuna madaktari wanaopitisha mrija kuanzia pajani mpaka kichwani, wakalivuta. Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa 500, majibu yakatoka 2015: waliovutwa bonge, karibu 33 katika kila 100 waliweza kujitegemea; wasiovutwa, 19.

Ila kuna noma. Si unajua bomba kuukuu maji yakirudi kwa kishindo? Linapasuka. Na sehemu ya ubongo iliyokwishakufa, damu ikirudi inaweza kuvujia ndani.

Ndiyo maana kwanza inapigwa picha ya CT scan. Mwaka 2000 madaktari wa Calgary, Kanada, walitoa mtindo wa maksi: sehemu inayolishwa na mshipa mkubwa inagawanywa vipande 10, kila kilichoharibika kinakata maksi 1. Zikibaki chache, hatari ya kuvuja inapanda. Picha haiapi kwamba fulani atavuja, lakini inamwonya daktari.

Na anayekata maksi ni saa. Mjomba yu hai, ila kijiko anashika kwa kushoto. Kila nikimwona nakumbuka yale mafuta.

Mdomo wa mtu ukipinda ghafla, mkimbize hospitali. Dua mtaomba njiani.

Tukutane wiki ijayo!