Tufunge milango yenye hatutumie

Bandugu, ku Katuba ao ku Kenya, hakuna mwenye parsele anaacha milango sita wazi usiku, wakati anapita ku mbili tu. Seriva yetu ya Linux, yenye liste ya memba, ilikuwa vile: huduma sita zinasikiliza, tuko na kazi na mbili. Telneti njo ilikuwa mubaya zaidi, inapitisha neno la siri bila kulificha. Mwaka 2016, kirusi Mirai kilipita ku telneti, kikateka mamia ya maelfu ya kamera na modemu duniani.

Tuliandika « ss -tulpn » tuone nini inasikiliza. Kila yenye haina kazi, « systemctl disable --now »: inazimika, hairudi hata mashine ikiwashwa tena. SSH tuliiacha, juu njo tunaingilia pale. Ilikamata saa moja, bila hata franka.

Sasa tunauliza ofisi zote za Lubumbashi zenye kuchunga majina na namba za bantu: ninyi mulifunga? Sheria ya numeriki ya 13 Machi 2023 inaomba data zetu zilindwe. Lakini karatasi haifunge mulango. Muntu njo anafunga. Vijana wenye diplome tuko hapa, bila kazi, tayari kuonyesha.